Kengele Juu ya Mwamba

Dereva aliishusha ngazi polepole, akaikunja, akaifunga juu ya gari kwa mikanda miwili, kisha akaketi kwenye bampa na kufungua pakiti ya biskuti. Mita nne juu yake, kwenye mwamba uliokaa wima kama mnara, mgeni wake alikuwa bado anayapiga picha machweo.

Ilikuwa biskuti tamu kuliko zote alizowahi kula. Alikuwa ameingoja kwa miaka kumi na tisa.

Mgeni alikuwa bibi wa miaka sabini na ushei, mwenye kofia pana na miwani ya kamba. Zamani alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya bweni ya wasichana, na wanafunzi walimwita Kengele, kwa kuwa sauti yake iliamsha mabweni manne hata umeme ukikatika. Jumatatu moja, mbele ya paredi nzima, Kengele aliinua funguo za stoo ya chakula na kutangaza kwamba zimekutwa kwenye sanduku la msichana wa kidato cha tatu. Msichana akaapa kwamba hakuzigusa. Hata hilo sanduku hakuwa amelifungua tangu siku ya wazazi, jana yake, mama alipompangia nguo. Kabla ya saa nne alikuwa nje ya geti, godoro kichwani.

Msichana alijua vizuri nani aliyezipandikiza. Wiki iliyotangulia alikuwa amechora ubaoni kengele yenye masharubu, na mwalimu mkuu alikuwa ameitazama kwa dakika nzima.

Basi msichana aliyeongoza darasa, aliyeandika "Daktari" mbele ya jina lake kwenye kila daftari, akarudi nyumbani kumsaidia mama kumgeuza baba kitandani. Baba alikuwa amepooza, na mama hakuwa na msaidizi mwingine. Alidumu miaka minane. Udaktari haukumsubiri mtu.

Mama alikuwa na moyo wa ajabu. "Achana na huyo mwalimu, mwanangu," alisema kila lilipotajwa jina lake. "Mimi nilishamsamehe." Binti aliuonea wivu utakatifu huo. Yeye hakujaliwa hata kijiko kimoja.

Kwa hiyo jina la Kengele lilipotokea kwenye orodha ya wageni, siku mbili za kuzunguka miamba na usiku mmoja wa kambi, binti, sasa dereva wa watalii, aliwapokonya wenzake safari hiyo kabla chai haijapoa.

Alianza na adhabu ndogondogo. Kulikuwa na njia laini na njia yenye mikunjo kama bati, alichagua bati. Kwenye njia ile madereva hupunguza upepo wa matairi ili mgeni asitikiswe; yeye aliuongeza. Jioni alitega hema la bibi kwa uangalifu wa fundi, akahakikisha kuna jiwe moja usawa wa kiuno. Asubuhi bibi alitoka amepinda kidogo, akasema amelala salama, mno.

"Mwamba ule unafanana na nini, dada?" aliuliza njiani.

"Wengine wanaona ngamia. Mimi naona mtu aliyefukuzwa shule."

Bibi akacheka. Eti akacheka! Hapo ndipo dereva alipoamua habari ya ngazi.

Hakuchagua mahali ovyo. Mwamba aliompandisha bibi ulizungukwa na kuta ndefu za mawe mekundu, na ukipaza sauti pale, kuta zinakurudishia maneno yako mara tatu.

"Dada!" bibi aliita kutoka juu. "Ngazi iko wapi?"

"Imefukuzwa, Mwalimu."

Bibi akachungulia ukingoni. "Sikukuambia kwamba nilikuwa mwalimu."

"Hukuwa na haja. Kidato cha tatu, bweni la pili, kitanda cha juu. Funguo za stoo."

Kengele alivua kofia. "Nilikutambua jana, ulipotega hema. Jiwe lile halikuwa bahati mbaya. Wewe hukuwa mtu wa kukosea."

"Sifa weka pembeni. Ulinitangaza mwizi mbele ya watu mia sita. Hapa watu hakuna, ila miamba ipo. Itangazie kwamba sikuiba. Kwa sauti ileile. Ukimaliza, ngazi inarudi."

"Hukuiba," bibi alisema taratibu.

"Paredi haisikii!"

"Hukuiba! Nilijua tangu siku ile!"

*Siku ile*, zikajibu kuta. *Siku ile. Siku ile.*

Dereva akasimama. Biskuti ikamponyoka, ikaanguka mchangani. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi, kwa machozi, hata kwa laana. Hili hakujiandaa nalo.

"Ulijua? Ulijua, ukanitoa na godoro kichwani?"

"Rudisha ngazi, mwanangu. Nikifika chini nitakwambia. Hili si jambo la kupigia kelele."

"Hukohuko! Si ulizoea kutangaza? Nani aliziweka?"

"Niliapa nisiseme. Alinipigia magoti ofisini, akalia mpaka nikashindwa. Akasema bora unichukie mimi kuliko yeye. Nimekubali kuchukiwa miaka yote hii."

"Kesi yako hiyo! Taja jina, au ulale na mijusi!"

Jua lilikuwa limebakiza upana wa kidole. Kengele alijinyoosha, mabega nyuma, kidevu juu, kama Jumatatu zote alizowahi kusimamia. Akavuta pumzi.

"Mama yako!"

*Mama yako*, miamba ikaitika, upande mmoja baada ya mwingine, kwa utiifu wa paredi. *Mama yako. Mama yako.*