Ukuta Unaosogea

"Mama, teremsha begi. Nyumba ya wazee haikimbii, tule kwanza," alisema Kit.

Bibi Suk-kuen hakuliteremsha. Alisimama mlangoni amelikumbatia, koti kalifunga hadi kidevuni. Man-yi, mke wa Kit, akacheka kwa pua.

"Sisi wenyewe humu tunapumua kwa zamu. Mama utalala wapi? Juu ya friji?"

"Hata hapo, mwanangu. Mimi sichukui nafasi."

Ilikuwa sikukuu ya majira ya baridi, siku ambayo Hong Kong nzima humkimbilia mama kula madonge matamu. Vitanda vilikuwa vimekunjwa, meza imevutwa kutoka ukutani. Samaki mzima aliwatumbulia macho kwenye sahani, na hakuna aliyemgusa.

"Wing-hong," bibi aliita, "usinipeleke huko."

Man-yi alimfinya. "Kit, Mama! Huyu ni Kit," alinong'ona. "Hata jana ulikosea hapo hapo."

"Nisamehe. Kit. Usinipeleke, baba."

Kit aliinuka. Akakanyaga kitasa chini ya ukuta, akausukuma kwa kiganja. Ukuta ukateleza kama droo. Sebule ikajibana, na upande wa pili kikazaliwa chumba: kitanda kikashuka chenyewe, kimeshatandikwa, na taa yake ya kichwani.

"Chako hicho, Mama. Ukuta ndio unaosogezwa. Mama hasogezwi."

Bibi aliangukia kitanda akalia, akalia mpaka Man-yi naye akajifuta jicho.

Makofi yakalipuka. Muuzaji akafungua kamba nyekundu, na wateja wakamiminika ndani ya nyumba ya maonyesho, huyu anapapasa ukuta, yule anamgonga samaki wa plastiki. Kit na Man-yi, waigizaji wenzake, walikwenda nje kuvuta sigara. Bibi alibaki kitandani. Basi la nyumba ya wazee lingekuja kumchukua jioni, kama kila siku.

Kuta za kusogezwa ni nyembamba. Jirani unamjua kwa kikohozi chake.

"Wing-hong! Njoo uone!" mwanamke mmoja alimwita mumewe huko sebuleni.

Bibi Suk-kuen akaketi wima. Akajitengeneza nywele.

Hatua zikakaribia, zikakomea nyuma ya ukuta. Kisha ile sauti aliyoizaa mwenyewe ikamwuliza muuzaji:

"Tumeipenda. Ila hiki chumba cha bibi, hamwezi kukitoa?"