Kijiko cha Mpimaji wa Kahawa

Kabla sijaonja kahawa niipangie daraja, wakala wa kampuni ya ng'ambo alinisogezea kijiko cha dhahabu. Jina langu, Aselefech, lilichongwa mpinini.

"Zawadi tu, dada," alininong'oneza. "Andika daraja la nne, tuinunue kwa bei ya kutupa."

"Na kwenu, mpimaji hupewa hivi?"

Akacheka. "Kwetu ningefungwa! Lakini si tuko Addis?"

Nikakichukua. Nikachota kahawa ya wakulima wa Guji, nikaifyonza kwa kelele kama wapimaji tufanyavyo, kisha nikaitema kwenye ndoo. Harufu ya maua ilibaki puani.

"Daraja la kwanza!" nikapaza sauti. Karani akaandika.

Nikamrudishia kijiko kikichuruzika mate yangu.

"Rudi nacho kwenu, kaka. Polisi wa kwenu wakiuliza Aselefech ni nani, nitakuja kusema mwenyewe."