Tangi Lenye Kadi Nyekundu

Kadi ilikuwa nyekundu. Dereva aliitazama tena, kikombe cha chai mkononi, akalisogelea lori lake lililoegeshwa kando ya barabara.

Matangi ya mafuta haya hufanana kama mapacha. Lililobeba hidrojeni na ambalo mtambo wa umeme umekwisha kuinyonya, ukaacha mafuta matupu, yana rangi ileile, harufu ileile, hata uzito unakaribiana. Ndiyo maana hutundikwa kadi kwenye bomba. Nyekundu, limejaa. Buluu, limekwisha, lirudi kiwandani likajazwe upya. Na hili alilolipakia kituo cha afya saa moja iliyopita, akijua limekwisha, lilikuwa na nyekundu.

Lazima aliyachanganya yalipokuwa chini, yamesimama bega kwa bega. Basi amewaachia lililonyonywa. Mtambo wa umeme ungezimika wakati wowote, na binti yake alikuwa chumba cha kujifungulia cha kituo hichohicho, uzazi wa kwanza.

Mkewe, aliyebaki na lori pale kituoni wakati yeye akitia saini ofisini, alikuwa amemsihi angoje walau mtoto azaliwe. Dereva akampa jibu alilompa walipozaliwa watoto wao wote watatu.

"Mafuta hayasubiri, mama watoto."

Mkewe hakubishana. Alimtakia safari njema tu, na hilo halikuwa kawaida yake.

Sasa dereva akampigia simu. Haikupokewa. Akaacha chai yake, akageuza lori, akarudi mbio ambazo hakuwahi kwenda kwa miaka ishirini ya udereva. Njia nzima aliomba Mungu na kujilaani kwa zamu. Binti yake akitoka salama, aliahidi, kazi haitamtangulia tena.

Kituoni taa zote zilikuwa zinawaka. Fundi wa mtambo alikuwa kwenye ngazi anamenya chungwa, akamwambia umeme upo hadi wiki ijayo, kwani kuna nini? Dereva akampita mbio, akaingia ndani.

Korido ilijaa kilio chembamba cha kichanga. Binti yake, kachoka lakini anacheka, akamnyooshea mkono. Machozi yakamtoka mzee wa watu, wala hakujali nani anamwona.

"Kumbe mafuta yakikuita, unakuja," alisema mkewe. Alikuwa ameketi kando ya kitanda, mjukuu mapajani, akimpepea taratibu kwa kadi ya buluu.