Mtu wa Shimoni

Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kilikuwa kimeshanyanyua mkono wake wa chuma, meno tayari, ndipo Deborah akaja akakaa chini, pale pale mdomoni mwa shimo, na kuanza kufungua chombo cha uji.

"Dada, toka hapo!" Bazilio akapiga kelele. Ndiye msimamizi wa kampuni, kofia ya njano, buti mpaka magotini. "Leo tunalipanua hili shimo, mtake msitake!"

"Panueni," Deborah akasema. "Ila kuna mtu humo."

Shimo lenyewe kampuni ndiyo iliyolichimba, kilimani, katikati ya mihogo ya watu wa kijiji cha Kitanga, kupima madini. Hodi hawakupiga. Walisema wana kibali kutoka juu. Juu wapi, watu wakauliza, wakati mkutano wa kijiji haujakaa hata siku moja? Na kila mtu alijua kijiko kikishachota mara ya kwanza, basi. Kilima kimekwenda, mashamba yamekwenda, na chemchemi juu yake.

Niyomwungere, mume wa Deborah, ndiye kijiji kilimchagua apeleke malalamiko Dodoma. Mara mbili walinzi wa kampuni walimdaka stendi ya Kasulu wakamrudisha kwenye gari kama mwizi wa kuku. Halafu, jamani, habari ikavuma: Niyomwungere kaingia shimoni! Kaapa hatoki wala hasemi neno mpaka mkutano uitishwe! Walinzi wote wakahamia kilimani, wakalizunguka shimo asije akatoroka.

"Maigizo haya," Bazilio akasema. Akainama. "Niyomwungere! Kama upo, jibu!"

Akatega sikio, akainuka.

"Mmeona? Gharibu, shusha!"

Gharibu, mwendesha kijiko, akashika wenzo wa mashine. Mkono wa chuma ukaanza kushuka. Deborah hakusogea.

Ko. Ko. Ko.

Jiwe juu ya jiwe, kutoka chini kabisa.

Gharibu akazima mashine. "Bosi, mimi nimeajiriwa kuchimba. Kuzika siyo kazi yangu."

Wanawake waliokaa kwenye mihogo wakacheka mpaka wakashikana mabega. Deborah akachuchumaa, akainamisha kichwa, akateremsha kikapu kwa kamba, taratibu, mikono miwili, macho pembeni.

"Hee! Mume unampa chakula kwa adabu hivyo?" Bazilio akashangaa. "Wangu kule Mwanza chai ananisukumia kwa mguu."

"Sisi huku tumefundwa, kaka."

Mwanamke mmoja akaziba mdomo kwa kanga.

Kikapu cha jana kikapanda. Bakuli la uji lilikuwa limekombwa, safi. Nyama ya mbuzi haikuguswa.

"Mwanaume gani huyu?" Gharibu akacheka. "Anaacha mbuzi anakunywa uji?"

"Mwenye hasira," Deborah akamjibu.

Bazilio akaona ukali haufai. Akachutama kando yake. "Shemeji, tuongee kama watu wazima. Mama yake yuko wapi? Mlete aseme na mwanawe. Mama anasikilizwa."

"Mama mkwe?" Deborah akashusha pumzi. "Tangu mambo haya yaanze hajalala nyumbani."

"Masikini," Bazilio akasema, na alionekana anamaanisha.

Wingu lilikuwa limeshaziba jua. Tone la kwanza likaanguka kwenye kofia ya njano, to! Kisha mvua ya kwetu hii, isiyojua kuanza polepole. Maji mekundu yakatiririka kuelekea shimoni. Kipande cha ukingo kikamomonyoka, pwaa, kikaingia chini.

Deborah akaruka. "Uko salama?"

Ko. Safari hii moja tu, tena ya mbali.

"Unaona?" Bazilio akafoka, maji yanamchuruzika puani. "Litajaa! Akifia humo kajiua mwenyewe. Mwambie atoke sasa hivi, na akitoka tu, kijiko kinaanza."

Deborah akafuta maji usoni. Akatoa simu kwenye kanga, akaitazama. Hakuna ujumbe. Akaitazama kamba. Wanawake wakaacha kucheka. Kipande kingine kikamomonyoka, kikubwa kuliko cha kwanza, na kilipotua chini hakuna aliyegonga.

"Basi," Deborah akasema, analia. "Basi, mtoeni! Chukueni hicho kilima, mtoeni!"

Simu ikalia. Ya Bazilio.

"Halo? Ndiyo, mkuu." Akajifunika sikio. "Nizime? Mpaka lini? ... Mpaka kijiji kikae kiamue? ... Dodoma wamesema? ... Sawa. Sawa, mkuu."

Akabaki ameduwaa na simu mkononi, mvua inampiga.

"Gharibu, shuka. Kazi imesimamishwa."

Vigelegele! Vilipigwa mpaka walinzi wakaangaliana wasijue washangilie au wakimbie. Lakini Deborah alikuwa ameshaishika kamba, anaitikisa, anaita, na kamba imelegea tu.

Kisha ikakaza.

Gharibu akarukia kuvuta. Hata Bazilio akatupa simu kwa mlinzi akashika nyuma yake, anahema, anataka amwone kwa macho yake huyo mwanaume aliyemshinda.

Kikatangulia kitambaa cha kichwa chenye maua, kisha Bi Esteri mzima mzima, mama mkwe wake Deborah, ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi, akatema mchanga na kuuliza, "Kwa hiyo mwanangu amefika Dodoma?"