Wasia wa Sheila

Lambert alikaza tai yake nyeusi mbele ya kioo cha gari la watu, akahakikisha uso una huzuni ya kutosha, kisha akagonga lango la akina Victoire pale Bellevue, Johannesburg. Mkononi alikuwa na maua meupe.

Habari aliipata kwa simu. "Kuya haraka, Lambert," Victoire alimwambia. "Ni juu ya Sheila. Benita halali, analia tu. Papa alishaita majirani, na weye pia unapashwa..." Simu ikazimika. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu jana, na hakuna aliyekuwa na chaji.

Sheila ni nani, Lambert hakujua, wala hilo halikumsumbua. Alichojua ni kwamba Papa Elisée, baba yake Victoire, alikuwa ameshamkatalia posa mara mbili, tena mbele ya watu, akisema kijana huyu ana maneno mengi kuliko ukweli. Lambert alimpenda Victoire kwa dhati. Na kwao, familia humtambua mtu wake siku ya msiba. Safari hii hangeteleza.

Sebuleni viti vya kanisa vilikuwa vimepangwa kwa mistari na watu wamekaa kimya. Mbele yao, kando ya mshumaa, palikuwa na picha kubwa ya mama mzungu, nyeusi na nyeupe. Lambert hakushangaa: familia iliyotoka Bukavu, Kongo, haikosi sista mmoja wa kizungu aliyewasomesha. Benita, mdogo wake Victoire, alijibanza kwenye kona na sare yake ya shule, macho mekundu.

Lambert akamnong'oneza Hénock, fundi cherehani wa jirani. "Alikuwaka mutu gani, huyu mama?"

"Profesa wa hesabu na fizikia. Wa kwanza kati ya wanamuke wa kwao kupata doctorat ya hesabu," Hénock akajibu. "Na piano alikuwa anapiga muzuri sana."

Hayo yakamtosha. Kabla Papa Elisée hajafungua mdomo, Lambert alishasimama, akaweka maua chini ya picha na kuwageukia watu.

"Papa Elisée, poleni sana. Mama Sheila alikuwa kama mama yangu mzazi. Nilipofika Johannesburg sina hata godoro, nani alinipokea? Ni yeye. Jioni alinipigia piano. Hesabu alinifundisha bila kuchoka."

Hénock akajifunika uso kwa leso, mabega yakimtetemeka. Mama mmoja akatoka nje mbio, amejiziba mdomo. Lambert akaona ameigusa mioyo yao. Victoire akasogea, akamvuta koti, naye akamshika mkono kumfariji.

"Jumapili iliyopita nilikwenda kumwona hospitalini. Akanishika hivi. Akaniambia: Lambert, mwanangu, mimi ninaondoka, lakini mwambie Papa Elisée asikuzuie tena. Victoire ni mke wako." Machozi yakamtoka, na yalikuwa ya kweli. "Papa, mimi sina neno. Wasia wa marehemu haukataliwi."

Papa Elisée akamtazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Asante, mwanangu. Ikala." Akamwonyesha kiti, kisha akamgeukia Benita. "Haya binti yangu, futa machozi, usimame. Umeona Lambert? Hajaogopa watu hata kidogo. Na weye soma hotuba yako, vile utaisoma kesho kwa mashindano ya shule."

Benita akajongea mbele ya mshumaa, akakunjua karatasi yake.

"Naitwa Benita, niko gredi ya saba. Leo nitawaambia juu ya Sheila Tinney, mwanahesabu na mwanafizikia wa Ireland. Alizaliwa mwaka 1918, katika mji wa Galway. Alifariki Dublin mwaka 2010, mimi bado sijazaliwa."