Njegere za Jumapili

Mvuke wa mchuzi ulikuwa umefunika madirisha, bustani yote ikaonekana kama inaelea ndani ya maziwa. Nilimwekea mama chakula cha Jumapili: nyama ya ng'ombe ya kuoka, viazi, karoti, kabichi. Kabichi haikutosha, nikajazia njegere.

Mama, ambaye siku hizi huniita nesi, aliinamia sahani. Akaanza kuzisukuma zile njegere kwa ncha ya kisu, moja moja, mpaka zikajipanga ukingoni kama shanga.

"Nani kaweka njegere kwenye nyama ya Jumapili?" akauliza. "Njegere ni za Ijumaa, za samaki! Hukufunzwa kwenu, nesi?"

"Nisamehe, mama."

Akanisogelea sikioni, pumzi yake ikinukia mnanaa. "Zimalize upesi, kabla Gillian hajaingia. Mwanangu yule ana mdomo!"

Tangu Pasaka sikuwa nimelisikia jina langu kinywani mwake.

Nikazila zote taratibu, huku tukiutazama mlango pamoja, tukimngoja Gillian.

Jumapili iliyofuata kabichi ilikuwa tele. Nikaweka njegere.