Mkalimani wa Redio ya Bibi Hedwiga

"Mwizi wa barua," redio ilitangaza kwa sauti tamu ya kike, "alikuwa karani wa posta."

Pankras akamgeukia Bibi Hedwiga na kumtafsiria kwa Kimatengo, bila hata kupepesa jicho: "Wamempata, bibi. Mwizi ni fundi cherehani."

Bibi akashika kidevu. "Fundi? Mtu mpole vile?"

"Hao wapole ndio wa kuogopa, bibi."

Kwenye kona, Winifrida, mjukuu wa bibi, akashikwa na kikohozi. Alikuwa akichambua maharagwe, na vumbi la maharagwe lina visa vyake.

Tuseme haki: Pankras hakuzaliwa mwongo. Alikuwa karani wa ghala la kahawa pale Mapera, kijana wa kaptula zilizotiwa wanga mpaka zikaweza kusimama bila yeye. Alimpenda Winifrida. Ubaya ni kwamba Blasius naye alimpenda, na Blasius alikuwa fundi cherehani. Posa zote mbili zilikuwa mezani kwa bibi, aliyemlea binti huyo tangu uchanga na ndiye mwenye neno. Bibi aliwajibu washenga kwa mkato: "Nina kitabu nakisikiliza. Kikiisha, nitasema."

Kitabu chenyewe kilisomwa redioni kutoka Dar es Salaam kila Jumapili saa kumi alasiri, kipande kwa kipande. Kilisimulia mji mdogo wa pwani ambako barua za mapenzi zinapotea posta, na binti mwenye duka anapendwa na wanaume wawili. Mmoja karani, mwingine fundi wa nguo. Pankras aliposikia hivyo mara ya kwanza, nusura aipigie redio magoti.

Maana bibi alimhitaji. Winifrida ndiye aliyemfuata ghalani, macho chini, kidole kikichora juu ya gunia.

"Bwana Karani, bibi anaona uchungu. Redio inasema, yeye anabaki kuitazama tu."

"Si umtafsirie wewe?"

"Mimi Kiswahili changu cha sokoni. Hakifiki vitabuni."

Pankras akafika Jumapili ileile, na Jumapili zote zilizofuata. Redio ikisema karani ni mchoyo, kwa Kimatengo fundi ndiye mchoyo. Karani akimdanganya binti kisimani, kwa Kimatengo fundi ndiye aliyedanganya. Siku fundi alipompelekea binti maua, Pankras alimpa karani sifa hiyo na, kwa kuwa maua hayaliwi, akayageuza kuwa mbuzi.

Hatari ilikuwa moja tu. Neno "karani" halina tafsiri. Hata anayesema Kimatengo kitupu husema karani. Jumapili ya tatu bibi aliinua kidole.

"Mbona redio imesema karani, na wewe unasema fundi?"

Wanga wa kaptula ukaanza kulowa. "Kiswahili cha pwani hicho, bibi. Kule karani ni mtu yeyote anayeshika kitu chenye ncha. Kalamu, sindano, kwao ni mamoja."

"Kumbe! Lugha pana hiyo."

"Ni ziwa, bibi. Huoni ng'ambo."

Siku nyingine bibi aliangua kicheko kabla hajatafsiriwa neno. "Yule kuku," akasema, akionyesha uani. Pankras akatazama uani. Hakuona kuku, ila alishukuru kupata nafasi ya kutunga.

Na leo ndiyo ilikuwa Jumapili ya mwisho. Mwizi ameshajulikana, ukurasa umebaki mmoja.

"Binti akaolewa na fundi wake," redio ikamalizia, "na mji mzima ukashonewa nguo mpya."

"Binti ameolewa na karani," Pankras akatafsiri, "na mji mzima ukanywa kahawa."

Bibi akainuka polepole, akaizima redio. Winifrida aliacha kuchambua.

"Bibi," Pankras akasema, "kitabu kimeisha."

"Vimeisha vyote viwili," bibi akajibu. "Cha redio na chako. Chako nimekipenda zaidi."

Pankras alikwisha kuanza kutabasamu ndipo alipogundua kwamba jibu hilo halikuja kwa Kimatengo. Lilikuja kwa Kiswahili, tena kilichonyooka kama mistari ya daftari.

Akasimama. Akatafuta kofia yake kichwani, na hakuiona kwa sababu alikuwa ameishika mkononi.

"Bibi... wewe unajua..."

"Nimepika misheni Kigonsera miaka kumi na minane, nikigombezwa kwa Kiswahili kila asubuhi. Unakwenda wapi? Kaa. Mshenga wako aje Jumamosi, tupange."

Pankras akakaa, ingawa si palepale kiti kilipokuwa. Alipookotwa na kukalishwa vizuri, swali moja lilikuwa bado limemkwama.

"Sasa bibi, kama Kiswahili unakijua hivyo, wiki zote hizi mimi nilikuwa nakuja kutafsiri nini?"

Bibi akamwelekezea kidevu mjukuu wake, ambaye uso wake ulikuwa umezama kwenye ungo.

"Muulize huyo. Ndiye aliyenikataza kujua Kiswahili tangu Pasaka."